Mifupa ya Akika Juu ya Ukuta wa Ron

Asiyetaka kuamini aache kusoma hapa hapa, akapike. Sina haja ya kumbembeleza mtu. Haya yalinifika mimi, jikoni kwangu, Saltley, Birmingham, na mtoto yaliyomhusu yupo mbele yangu ninapoandika, anachana katuni za gazeti la baba yake. Yeye ndiye ushahidi wangu.

Nyumba zetu zilikuwa za safu, jirani akikohoa unamjibu pole. Upande wa kulia alikaa Ron, Mzungu wa makamo, fundi wa kupaka rangi kiwanda cha magari. Mkewe alikuwa kamkimbia, na simlaumu. Siku moja Ron akarudi kutoka baa ya Digbeth na mnyama kwenye kamba. Si mbwa. Ni chotara: mama mbwa, baba mbwa mwitu halisi wa theluji, ndivyo alivyoambiwa na muuzaji. Siku hizo ungeweza kununua hata simba ukamlaza sebuleni, hakuna aliyekuuliza kibali.

Niamini, sijapata kuona mwanamme mjinga akijivuna vile. Kampa mnyama jina la Duke, jina la dume, na mimi kwa kuchungulia tu juu ya ukuta nimeshaona ni jike! Wiki ya mwanzo Duke akala kochi. Halafu akala mlango wa nyuma. Akachimba chini ya ukuta mpaka matofali yakainama, na paka wa mtaa wakaanza kupungua. King'ora cha kiwanda kikilia, na yeye analia, sauti ndefu inayokuingia kwenye meno. Ron akimwita, hamtazami hata usoni. Akimkaribia na kofia kichwani, mnyama anajikojolea kwa hofu, kisha anaonesha meno. Mwisho Ron akamfunga kwa mnyororo ndani ya kibanda cha makaa, kwenye giza, akawa anamfunza adabu kwa buti.

"Ni suala la kumwonesha nani bwana, bab," aliniambia. *Bab* ndivyo wanavyowaita wanawake mji huu.

"Na keshajua?" nikamuuliza.

"Anajifunza."

"Basi mwambie aje akufunze na wewe."

Alicheka. Hakuelewa kama namtukana.

Kipindi hicho nilikuwa nimejifungua Salma. Mume wangu Seif na wenzake wakaenda shamba moja nje ya mji, wakachinja kondoo wa akika. Kwa asiyejua: kondoo yule anachinjwa kwa ajili ya mtoto mchanga, na mifupa yake haivunjwi. Unakata kwenye viungo tu, pole pole, ili na mifupa ya mtoto ibaki salama. Wageni wakishakula, mifupa inakusanywa, inazikwa. Kwetu Unguja hilo halina mjadala. Nikaifunga mwenyewe kwenye kitambaa cheupe, nikampa Seif.

"Nikachimbe wapi?" akaanza kulalamika. "Uani kwetu saruji tupu. Nje ardhi imeganda kama chuma. Nikachimbe bustani ya Manispaa, polisi anione nazika mifupa?"

"Chimba unapotaka. Lakini uzike mwenyewe, usimpe mtu."

Akatoka. Akarudi upesi, kaosha mikono. Nikamuuliza, umezika? Akasema, imekwisha, bibie. Imekwisha! Na mimi nikaridhika, kwa sababu nilikuwa bado naamini mwanamme akisema jambo limekwisha, limekwisha.

Tangu siku ile Duke akanyamaza. King'ora kinalia, yeye kimya. Ron akatembea mtaa mzima akijisifu. Na Salma akaanza kutolala. Hanyonyi, halii, kageuza macho kwenye ukuta wa upande wa Ron, anatazama kama mtu anayeitwa.

Sasa sikiliza. Ilikuwa majira yale ya baridi umeme ukikatwa kwa zamu mji mzima. Huku saa kumi za jioni baridini ni kiza. Seif yuko zamu ya mchana kiwandani. Mimi nimewasha mshumaa, nachemsha maziwa kwenye gesi, Salma nimembeba mgongoni kwa kanga. Nikasikia mlango wa uani:

"Hodi."

Hodi, Saltley! Sauti ya mama mtu mzima, ya kwetu kabisa. Ungefanya nini? Mtu kapiga hodi, mdomo unajibu wenyewe. Nikasema, "Karibu." Kumbe komeo la geti la uani nilikuwa nimelifunga mwenyewe.

Akaingia. Koti la kijivu, nywele za kijivu, harufu ya sufu iliyolowa na makaa. Shingoni kavaa mnyororo, si wa dhahabu. Akaketi sakafuni, viti vipo. Mshumaa ulipompiga usoni, macho yakawaka manjano, na mimi nikakaza kanga ya mgongoni.

"Mwanangu," akasema, mpole kabisa, "mifupa mmenipa. Nyama iko wapi?"

Nikajua palepale nyama gani anayoitaka. Iko mgongoni mwangu, inapumua.

"Nani kakupa mifupa?"

"Baba yake. Juu ya ukuta. Kasema, chukua, ule, unyamaze."

Wallahi, hofu ilinitoka, ikaingia hasira. Seif! Kwa uvivu wa kuchimba shimo dogo, kampa mnyama wa jirani mtoto wake, kipande kipande, ili yeye alale vizuri! Nikaishika sufuria ya maziwa inayochemka.

"Mimba nilibeba mimi au yeye?"

"Wewe."

"Uchungu?"

"Wako."

"Basi baba hana cha kutoa. Mimi ndiye mama, na mimi sijakupa. Umesikia? Sijakupa! Mbwa wamekukataa, mbwa mwitu hawakujui, sasa unataka mwanangu akutie ukoo? Mguse nikuunguze uso."

Hakukasirika. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu aliyeelezwa jambo jipya.

"Hukunipa," akasema.

"Sikukupa."

"Basi kachukue, mwanangu. Sijavunja hata mmoja. Wahi kabla mwenye buti hajarudi. Yeye ndiye atakayevunja."

Akainuka akatoka, mnyororo ukiburuzika kwa sauti kwenye saruji nzima. Sikufikiri. Nikachukua mshumaa, nikapita kichochoro cha nyuma mpaka uani kwa Ron, nikafungua kibanda cha makaa. Mnyama hayupo. Kola ipo chini, imefungwa kifungo chake kama ilivyofungwa, haikukatika, haikufunguliwa. Na kitambaa changu cheupe kimetandazwa juu ya makaa bila doa, mifupa juu yake imepangwa mahali pake yote, shingo, mbavu, miguu. Hayawani mwenye meno ya kuvunja paja la ng'ombe, kashinda na njaa gizani akiilinda.

Nikaanza kuikusanya. Sikumaliza. Kurunzi ikanipiga usoni.

"Duke yuko wapi? Umemfanya nini mnyama wangu, mwanamke wewe?"

"Ron, simama hapo hapo! Usikanyage!"

Nani wa kumsikiliza mwanamke mweusi ndani ya kibanda chake? Alikuja na buti zake za kazi, akapita katikati ya kitambaa. Nikasikia *kwaa*. Mfupa mmoja, wa mguu. Na Salma mgongoni akapiga ukelele ambao sijausikia tena, na Mungu asinisikilizishe.

Hospitali wakampiga picha, wakaona mguu umevunjika pajani. Daktari akaniuliza kwa sauti ya upole ile ya kutuhumu: ulimwangusha? Alikuwa amefungwa mgongoni mwangu kwa kanga, namwambia, hakuangushwa na mtu. Akaandika anachotaka.

Ron alikwenda polisi kusema nimemwibia mbwa. Duke hakuonekana tena, si Saltley, si kwingine. Seif alikiri usiku uleule, akalia, na mimi sikumfuta machozi. Mpaka leo nyama ya mfupa hailiwi ndani ya nyumba yangu.

Salma sasa anasoma shule. Anachechemea, na baridi ikianza mguu unamuuma mpaka anakunja uso kama mzee. Mbwa wa mtaani hambwekei hata mmoja; akipita, wanalala matumbo chini. Watoto wenzake wanaona ni mchezo. Mimi sioni mchezo.

Juzi nimesikia Ron anatafuta mwingine, safari hii anataka mtoto wa mbwa mwitu mtupu. Amwache ale nyumba yote, na yeye ndani. Lakini wewe mwenye mtoto mchanga, nisikilize. Ukitaka kufuga, fuga kuku. Na ikija siku ya kuzika mifupa ya akika, ardhi ikiwa imeganda, ichimbe kwa jembe. Huna jembe, kwa kijiko. Huna kijiko, kwa kucha. Zika mwenyewe. Usimtume baba yake.