Picha Yenye Ukungu kwenye Depo ya Mpunga

Jumapili ile baada ya misa, mume wangu ndiye aliyenivuta kwenda sinema. Mfanyabiashara mmoja hapa Kasongo alikuwa amefungua depo yake ya mpunga ili aonyeshe filamu ya zamani, ile ya wapanda farasi tuliyoipenda utotoni. Ukutani alitundika bashi, turubai jeupe tunaloanikia mpunga.

Sikutaka kwenda. Tangu mavuno nilikuwa naona ukungu. Mawe ya mchele nilikuwa nayachambua kwa vidole, nikijifanya natazama. Mama yangu alianza hivyo hivyo kwetu Kabambare, kwenye shamba la kando ya mto, wale inzi wadogo weusi waletao upofu wakituuma kutwa nzima. Alipopofuka, mimi ndiye niliyemwongoza kwa fimbo. Ukungu wangu sikumwambia mtu yeyote. Niliogopa hata kulitamka neno upofu.

Filamu ikaanza. Niliona vivuli vya kahawia tu, farasi hawana miguu, watu hawana nyuso. Nikashika benchi kwa mikono miwili, jasho likinitoka. Nikasema moyoni, basi, yamenifika.

Kisha mzee mmoja wa mbele akalalamika kwamba haoni kitu. Mwingine akadakia, na mara depo nzima ikawa kelele. Walikuwa wameingojea filamu hiyo wiki nzima, wakaudhika kweli. Mimi peke yangu nilifurahi. Kumbe ubaya ulikuwa wa picha, si wa macho yangu. Nikamsuta mwenye mashine ya sinema kuliko wote, mpaka mume wangu akanishangaa.

Mama mmoja muuza mchele akasimama. Alikuwa ameona kosa: bashi lilitundikwa kwa upande wa kuanikia, uliojaa vumbi na madoa.

"Mugeuze bashi," akasema. "Upande ingine iko safi."

Wakalishusha, wakaligeuza, wakalitundika tena. Watu wakapiga makofi. Mume wangu akaanza kunionyesha: kofia ile, hatamu zile, hata vifungo vya koti.

Vivuli vilipita mbele yangu vilevile, ila sasa kwenye weupe. Nikapiga makofi nami, kidogo.

"Sasa unaona muzuri, mama watoto?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ukakataa.

"Hapana, baba watoto. Kwangu iko vilevile."

Akacheka, akidhani namtania. Kisha akainua mkono mbele ya uso wangu, na sikujua ameonyesha vidole vingapi.