Ziwa Lisilokupwa

Wazo la kwenda Ziwa Chala halikuwa langu, nasema mapema nisije nikalaumiwa. Lilikuwa la majirani zetu wa Mji wa Kale, wanawake tunaopikiana kwenye harusi, waliokodi gari wakasema twende tukapande milima, tuone maziwa ya huko bara, jioni turudi. Mimi na milima wapi na wapi? Ngazi za nyumba yetu zanitosha. Nilikwenda kwa sababu moja tu: dada yangu alisema ataka kwenda.

Dada alikuwa ametoka eda karibuni. Mumewe alimfia ghafla, naye akakaa ndani mpaka eda ikaisha kama ipasavyo. Siku ya kutoka tulimwogesha, tukamvisha nguo mpya, tukamfukiza udi, tukidhani sasa atarudi kuwa yeye. Wapi! Akila matonge mawili anasukuma sahani. Mtu aliyenigombeza tangu nikiwa mtoto akaacha kunigombeza. Nikiunguza mchuzi, "Haidhuru." Nikichelewa, "Haidhuru." Siku moja, tukikunja nguo, aliniambia hivi hivi bila chozi, "Bora ningelikwenda naye." Tangu hapo nikawa namchunga kama mtoto anayeanza kutambaa. Hata akienda kuoga nilikuwa nikisimama mlangoni nasikiliza kama kata yagonga ndoo.

Basi tulipoitwa nilifunga vitu mbio kabla hajaghairi: sufuria ya pilau, chai ya tangawizi, leso, na miguuni makubadhi. Makubadhi mlimani, jamani! Bwana wa Taveta aliyekuja kutuongoza alituangalia miguu, kisha akatazama kando kwa adabu.

Ukingoni nilishtuka kwanza kwa uzuri. Ardhi ilikatika mbele yetu, na chini kabisa, shimoni, maji ya buluu yametulia bila hata povu. Kilimanjaro iko nyuma yake, nusu ndani ya mawingu. Dada aliyatazama maji vile tunavyoyatazama sisi wa pwani.

"Leo mwezi mpevu, ni bamvua," akasema. "Saa hizi maji yamekupwa. Haya ni ya magotini tu."

Nami, mtu mzima na akili zangu, nikaitikia, "Ehe, yatakuwa ya magotini."

Wallahi hatukufanya mzaha. Kwetu mtoto huujua mwezi kabla ya kujua kusoma: ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, na mchana kama ule ukishuka ufuoni watembea mpaka mwambani nguo isilowe. Haikutupitikia kwamba kuna maji duniani yasiyojali mwezi.

Tuliteremka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Yule bwana alibaki nyuma kumsaidia jirani mmoja aliyekwama kwenye jiwe akiita jina la mamake. Mimi na dada tukatangulia kufika. Akavua buibui, akakusanya dera lake mkononi, akaingia. Kifundo. Goti. Akageuka kunitazama, na nilidhani atatabasamu.

"Mama, usiingie!" yule bwana akapiga kelele kutoka juu. "Mama, hapo hapana chini!"

Dada akapiga hatua moja zaidi, akatoweka.

Hakulia, hakurusha mkono. Alikwenda tu, na maji yakajifunga juu yake. Yarabi! Na wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa kwamba ameteleza. Nilisema moyoni: amemfuata. Nimemleta mwenyewe mpaka hapa, na pilau juu.

Kichwa kikatoka. Hakuna kati yetu ajuaye kuogelea. Sisi bahari tunaitembea, hatuiogelei. Nilivua leso yangu, nikaifunga fundo na ya jirani aliyekuwa ashafika, nikairusha. Ikaangukia mbele ya uso wake. Angeweza kuishika. Akaitazama. Naapa aliitazama, na mimi nikaacha kupumua, kwa kuwa nilijua sina la kufanya tena, ni yeye na leso.

Akaidaka kwa mikono miwili.

"Wangoja nini?" akanifokea, maji yakimtoka puani. "Nivute, mpumbavu we!"

Tulimvuta mpaka kwenye mawe. Nilipaswa kumkumbatia. Badala yake nilimshika mabega nikamtikisa mbele ya watu wote: "Ulitaka kumfuata? Niambie! Ulitaka kumfuata?"

Dada alinitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye niliyetoka majini.

"Nilidhani maji yamekupwa," akasema.

"Mama, haya hayajai wala hayapwi," yule bwana akasema, ashafika, anahema. "Ni hivi hivi siku zote."

Dada hakumsikia. Alikuwa ameng'ang'ania leso yangu. "Nilipokosa pa kukanyaga nilisema, basi, ndiyo leo," akaniambia polepole. "Sikuhuzunika. Kisha nikaogopa. Niliogopa, mwanangu, nikaogopa mno! Sikujua kama bado naogopa kufa." Akaanza kulia, kilio cha sauti, ambacho hata siku ya mazishi hakukilia.

Tulikaa juani mpaka nguo zikaanza kukauka. Nikampakulia pilau, si kwa kutumaini kitu, ila mikono ilitaka kazi. Akala tonge la kwanza, la pili, la tatu. Akaacha kutafuna.

"Chumvi hii umetia kwa kikombe?" akauliza. "Na nani alikwambia uje na makubadhi mahali kama hapa? Huna akili?"

Wanijuao wanajua ulimi wangu haulali. Alinigombeza tukipanda ule ukingo, akanigombeza Taveta, akanigombeza Voi, mpaka tunaingia kisiwani kwetu bado yuko kwenye chumvi, nami sikumjibu hata neno moja.