Dende Niliomficha Baba Mkwe

Baba mkwe akija, sisi humchinjia dende, wale wanyama wadogo wasio na mkia tunaowafuga jikoni. Lakini wa kwetu hapa Rugenge binti yangu amewapa majina ya mama zake wadogo, na aliniapisha nisiwaguse. Basi mzee alipotokea, niliwaficha ndani ya katoni chini ya kitanda.

"Papa, ugonjwa ilimaliza wote," nikamwambia kwa sura ya msibani.

Akanipa pole ndefu. Kisha akafungua sashe la plastiki lenye mboga alizotuletea kutoka Runingu. Dende wakisikia sashe likichakacha, hujua chakula kimefika. Milio ikajaa nyumba nzima.

Mzee akageukia mlango wa chumba chetu cha kulala.

"Mukwe," akasema taratibu, "marehemu wako iko na njaa."