Sindano ya Moto na Shavu la Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha neva hospitalini, Fundi Mkuu alinionyesha sanduku la kijivu lenye vitufe na sindano ndefu. "Hii haikati, huunguza," akasema. "Na neva ya mtu haina spea."

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimetoka kwenye mashine za eksirei. Sikuamini kwamba mawimbi ya redio ya sanduku lile, ndugu wa yale yaletayo taarifa ya habari, yangeweza kumtuliza mtu maumivu. Nilitaka kuona ndani yake. Alinikatalia, nikamganda mpaka akatoa bisibisi mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mgonjwa hulazwa usingizi mfupi, daktari akaingiza sindano hadi kwenye neva. Kisha huamshwa, nami nikapitisha umeme kidogo wa majaribio. Mgonjwa akisema anasisimkwa pale pale panapomuuma, hulazwa tena na ncha ya sindano hupashwa joto ili kuizima neva hiyo. Akisisimkwa kwingine, sindano husogezwa. Jibu lake ndilo lililotuongoza.

Hapo ndipo tulipokwama na Bi Zuhura, mwoka mikate ya mofa wa mtaa wa Kibokoni. Taya lake lilimpiga kama radi kila lilipoguswa. Hata maji yalimtesa, na kwa muda mrefu alikuwa akitayamamu kwa mchanga badala ya kutawadha. Hilo lilimliza kuliko maumivu. Lakini neva ya taya imepakana na ya jicho, na tukiunguza hiyo ya jicho, jicho lingekufa ganzi na huenda likapofuka.

Alipoamshwa, sindano ikiwa ndani, Daktari Mkuu, Mhindi mpole aliyezaliwa Mombasa, akamwinamia. "Bi Zuhura, hali yako?"

"Njema, alhamdulillahi."

Nikaongeza umeme. "Na sasa, waonaje?"

"Alhamdulillahi, baba. Sijambo."

Nikadhani waya umekatika, nikaubadilisha. Jibu likawa lile lile, ilhali kope lake lilikuwa likicheza. Daktari aliliona akaniinulia mkono. Kisha akatabasamu.

"Sikuulizi hali tena, mama. Nakuuliza sisimizi wa ule umeme. Yuko wapi?"

"Ah, huyo? Huyo atambaa kwenye nyushi, hapa juu ya jito. Kitambo."

Tulikuwa kwenye neva ya jicho. "Mbona hukutwambia, bibi?"

"Mmeniuliza hali, mwanangu. Mtu ahangaika nami hivi, nimjibu mbovu?"

Daktari akaivuta sindano nyuma. Sisimizi akahamia shavuni, kisha akashuka tayani. "Papo hapo," akasema Bi Zuhura, "ndipo penye nyumba yake." Akalazwa tena, nikapandisha joto, macho yangu hayabanduki kwenye kipimo.

Tangu nistaafu, vijana huniuliza juu ya mashine za siku hizi zenye vioo vya rangi. Nazipenda, na nikipata nafasi nitazifungua nazo. Ila mimi huwauliza wanavyozungumza na wagonjwa, nao hunishangaa.

Bi Zuhura alipozinduka, Daktari alimgusa jicho kwa unyuzi wa pamba, naye akapepesa; jicho halikufa ganzi. Nilishusha pumzi. Baadaye, kulipoadhiniwa adhuhuri, aliomba maji. Nikamletea gilasi. Akaitazama, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, wa pili ukiwa bado na ganzi.

"Si ya kunywa, mwanangu. Niletee kopo."

Akateka kwa viganja viwili, akajimwagia uso mzima.