Mafuta Yasiyo ya Madini

Katika miaka ile gereji yetu ilikuwa na gari moja tu la kuvuta magari mabovu, na gari hilo lenyewe lilikuwa bovu kuliko mengi liliyoyavuta. Lilikuwa pikapu ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyofungwa winchi mgongoni. Usukani ulipaswa kuzungushwa robo nzima ndipo magurudumu yatii. Breki zake, zilizovutwa kwa nyaya, zilishika gurudumu la kushoto kwanza na mengine baadaye, hivi kwamba dereva aliyesimama ghafla alijikuta anatazama mtaro. Mwenye gereji, Mbelgiji wa maneno machache, alimpa fundi wetu mwezi mmoja kuyarekebisha hayo mawili. Akishindwa, gari lingeuzwa kama vyuma chakavu, naye angetafuta kazi kwingine.

Mimi nilikuwa karani, niliyeajiriwa kwa ajili ya kufasiri Kifaransa. Nilikuwa nimeacha seminari baada ya miaka saba ya Kilatini, na mji wetu wa Elisabethville, Katanga, haukuwa na mahali palipoandaliwa kwa mtu wa namna hiyo. Majirani zangu wa Kenya, mtaa wetu mjini humo, watu wa reli na Wakatoliki wema, walinisalimu kwa upole ule utumikao msibani, kisha wakapita. Zilikuwapo Jumapili ambazo sikusikia sauti yangu mwenyewe tangu asubuhi hadi jioni. Fundi pekee, Mwislamu wa Maniema, kule kaskazini, aliyenizidi umri kwa miaka ishirini, ndiye aliyezungumza nami pasipo kunionea huruma. Hakujua kusoma, mimi nilimsomea vitabu vya magari vya Kifaransa na kumfasiria.

“Padri,” aliniita siku moja kutoka chini ya pikapu, “ulikimbia misa, sasa unasomea kamyo misa!” Kamyo ndivyo alivyoliita gari lolote la mizigo.

“Sikupata kuwa padri, Fundi.”

“Basi weye uko nini? Karani iko na kalamu mufukoni. Weye uko na huzuni mufukoni.”

Nilicheka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa majuma kadhaa.

Alianza na usukani. Alichomoa zile pini nene ambazo magurudumu ya mbele huzungukia, akanionyesha kwa ukucha jinsi zilivyolika upande mmoja. Alichonga mpya, akazivika mirija mifupi ya shaba aliyoisugua mpaka pini ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa. Ilipokwisha, usukani ulitii kwa upana wa vidole viwili.

Breki zilikuwa ngeni kwake. Kutoka kwenye lori jipya zaidi lililoanguka alitoa breki zinazosukumwa na mafuta, akazifunga mahali pa nyaya. Kitabu kilionya kwamba mipira ya ndani huharibiwa na mafuta yasiyofaa. Kilitaka mafuta ya namna moja tu, *non minérale*. Nilitafakari kidogo, kisha nikafasiri neno kwa neno: “Mafuta yasiyo ya madini.” Nakiri kwamba nilipendezwa na usahihi wangu.

“Ya madini hapana?” aliuliza. “Hata kidogo?”

“Hata tone.”

Aliitika kwa heshima. Sikukumbuka kwamba katika Katanga madini si jina la jamii ya vitu tu. Ni mgodi, mahali baba za watu wanapokwenda kazini. Pembeni mwa gereji lilisimama pipa la mafuta lililotoka ghala la mgodini. Fundi alilisogeza mbali, akaenda dukani kununua kopo la mafuta ya injini, safi, ambayo mgodi haukuyagusa. Akayatia kwenye breki.

Kwa siku tano breki zilifanya kazi vizuri. Siku ya sita, kwenye barabara ya Kipushi, Fundi akiwa anavuta gari zito, alikanyaga breki na mguu ukazama mpaka chini. Aliupinda usukani, nao ukatii. Akaliingiza gari kwenye kichuguu badala ya kuwagonga watu waliokuwa mbele yake. Alipasuka mdomo. Pikapu ilipondeka pua.

Jumamosi mwenye gereji alifungua breki, akatoa mipira. Ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolowekwa. Aliuliza kwa Kifaransa kitabu kilisema nini. Nilimjibu kwa Kifaransa, sawasawa kama kilivyoandikwa. Kila neno la jibu langu lilikuwa kweli.

Fundi, ambaye Kifaransa hakukijua, alituangalia kwa zamu.

“Padri, mwambie. Weye ulisema ya madini hapana. Ya madini sikutia! Hata tone!”

Hapo ndipo nilipoelewa: kitabu kilikataza mafuta yote yatokanayo na petroli ya ardhini, ya injini yakiwamo, naye alikuwa ameyakwepa ya mgodini tu. Mwenye gereji, ambaye Kiswahili chake kilitosha kwa amri tu, aliniuliza huyu anasema nini. Nilikuwa na nafasi ya kueleza. Ilihitaji sentensi mbili. Niliwaza kwamba mtu aliyeletwa pale kwa ajili ya kufasiri, akikosea kufasiri, hana tena sababu ya kuwapo.

“Anasema hakuelewa,” nilisema.

Fundi hakukijua Kifaransa, lakini alinijua mimi. Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole baada ya kidole, wala hakuniita tena Padri.

Alifukuzwa siku ileile. Jumatatu nilimweleza mwenye gereji ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema fundi mwingine amekwisha kupatikana. Nilipofika nyumbani kwa yule mzee, mkewe aliniambia amepanda treni ya kaskazini tangu jana. Niliendelea na ukarani pale kwa miaka minne.