Nguo za Wasioweza Kutembea

Juzi binti yangu alinionyesha simu yake kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Kwenye kioo palikuwa na jua la duara na namba ishirini na tisa. "Mama, ona, kuko jua wiki yote. Mi nimeisha funga vyangu." Begi lake lilikuwa limekaa mlangoni: fulana nne, kaptula mbili, kofia ya jua. Nikacheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Jumamosi tunaondoka hapa Kibenga kwa miguu pamoja na watu wa parokia, kwenda Mugera kwa Bikira Maria, siku nne za kupanda milima, na mtoto wa miaka kumi na miwili amefungasha nguo za kwenda kuogelea.

Sikumgombeza. Simu ilisema kweli, ila ilisema kweli ya huku chini. Kama umekulia Bujumbura, rafiki yangu, unatujua sisi watu wa ziwani. Tunajua joto, vumbi na mbu. Baridi tunaisikia kama habari za nchi nyingine, ilhali iko hapo hapo juu ya vichwa vyetu, Bugarama, ambako watu wanavaa makoti mchana kweupe na kutushangaa tukipita na kandambili. Na mwezi wa tano ndio mbaya zaidi. Mvua kubwa inaaga, tunaipungia mkono, halafu inarudi mlangoni kama mgeni aliyesahau mwavuli wake.

Mimi sidanganywi tena na jua la Bujumbura. Nilidanganywa mara moja, nikiwa na miaka kumi, na nikalipia.

Nililelewa na bibi, mama wa baba yangu, huko Kajaga, nyumba ya pili kutoka mchangani, mahali ambapo harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliokaushwa iliingia hata ndani ya chai. Mama alifariki nikiwa mchanga. Baba alivuka kwenda Kongo kutafuta kazi, akasema miezi sita. Sasa ilikuwa imepita miaka mitatu. Milima ya ng'ambo tuliiona kila jioni ukungu ukitoka, na kila jioni bibi alipepeta mchele akiwa ameipa mgongo.

Bibi alikwenda Mugera kila mwezi wa Maria, na kufungasha kwake kulikuwa ibada kabla ya ibada. Chini kabisa ya mfuko liliingia gauni la kuvaa tukifika, katikati nguo ya ndani na kitenge cha kulalia, juu kabisa karatasi ya plastiki na mupira wa baridi, ndivyo tulivyoita sweta. Juu, ili mkono uufikie bila kutafuta. "Usifunge nguo juu ya jua ya mulangoni," aliniambia akikaza kamba kwa goti. "Funga kwa ajili ya baridi ya mulima." Pembeni aliweka viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, na chumvi kidogo ndani ya kipande cha gazeti.

Halafu walikuja majirani. Hilo ndilo nililolipenda kuliko yote. Asiyeweza kutembea alituma nguo yake itembee badala yake, ifike miguuni pa Bikira Maria, padri ainyunyizie maji ya baraka. Mama muuza ndagala alileta kofia ya mtoto wake mchanga. Fundi cherehani alileta shati la kaka yake mgonjwa, limepigwa pasi likawa gumu kama kadibodi. Mzee mlinzi mwenye mguu mbovu alileta soksi moja tu. Mguu wa pili, alisema, hauna shida, tusiuchokoze. Bibi alizifunga zote ndani ya plastiki, na ya mwisho kufungwa ilikuwa sweta ya baba, ya kahawia yenye mstari mweupe kifuani. Sheria ilikuwa moja: nguo ya asiyekuwapo haivaliwi njiani, hailowani, haiguswi na tope. Mimi niliiongezea sheria yangu, ambayo hakuna aliyenifundisha. Niliamini kwamba sweta hiyo ikifika safi, baba atarudi. Ikiharibika, harudi.

Mwaka huo bibi alininunulia na mimi sweta kwenye marundo ya mitumba ya soko kuu, pale Rohero. Ilikuwa ya kijani, nzito, ikiwasha shingoni kama majani ya porini. Na mimi nilikuwa na gauni la pili, jeupe, lenye lasi, nililotaka sana lionekane kwenye maandamano. Mfuko haukutosha vyote. Asubuhi ya kuondoka jua lilikuwa limeshachoma mchanga. Nikatoa sweta, nikaificha nyuma ya pipa la maji, nikaingiza lasi yangu. Nilijiona mjanja kuliko bibi na Kanisa lote.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, lakini meno yalikaribia. Siku ya kwanza tulipanda kwa raha, tukiimba rozari, tukiwapita waliosukuma baiskeli zenye ndizi. Siku ya pili, mchana, tulipokaribia Bugarama, ukungu ukashuka barabarani, malori yakawasha taa, na mvua ikaja kutoka ubavuni. Wenzetu wote wakaingiza mkono juu ya mfuko na kutoa sweta. Mimi nikaingiza mkono, nikatoa lasi.

Bibi aliitwaa lasi, akairudisha mfukoni. Tulikuwa tumejibanza chini ya kibanda cha mama anayechoma mahindi, mbele yake karoti na kabichi zikilowa. Nilitetemeka hata punje za hindi nililopewa hazikukaa mdomoni. Nilimwangalia bibi koti lake, naye akaelewa.

"Langu sitoe," akasema. "Nikikufa baridi mi, nani atakurudisha Kajaga?"

Akapiga magoti kwenye zile karoti, akafungua plastiki, akatoa sweta ya baba.

"Apana, bibi! Papa atarudi namna gani?"

"Nyamaza. Leta mukono."

Ikanishuka mpaka magotini, mikono ikiwa na urefu wa kutosha watoto wawili. Ilinukia sabuni na dawa ya nondo, haikunukia baba hata kidogo, na hilo lilinitia uchungu zaidi. Nilishuka kuelekea Muramvya nikilia, joto likinirudia mwilini huku mvua ikiingia kwenye sufu. Kila tone nililihesabu kuwa dhambi yangu. Mugera, watu walipoinua juu kofia, mashati na soksi zao, sikuwa na cha kuinua. Padri akanyunyiza, maji yakanipiga usoni na kifuani, juu ya mstari mweupe wenye tope.

Baba hakurudi mwaka huo. Nilijua sababu, na sikumwambia mtu.

Mwaka uliofuata, siku ya kufungasha, bibi hakuiweka sweta kwenye plastiki. Alinirushia. "Vaa." Nikaivaa pale pale Kajaga, jua likiwaka, na fundi cherehani akauliza kama mtoto ana malaria. Ikawa hivyo kila mwaka. Wengine walikwenda ndani ya plastiki, baba alikwenda nami. Mikono ya sweta ilinifika ncha za vidole, halafu katikati ya kiganja. Hakuna barua iliyokuja. Madereva waliotoka ng'ambo tuliwauliza mpaka wakaanza kutukwepa. Nami niliendelea kuamini kwamba nilimfungia baba njia kwa sababu ya gauni la lasi.

Nikiwa na miaka kumi na sita niliivaa asubuhi ya safari, nikanyoosha mikono mbele ya bibi kama kawaida, na pindo likasimama sawasawa kwenye kifundo cha mkono. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, pipa la maji, sweta ya kijani, lasi. Niliongea nikiangalia chini.

"Nilijua," akasema bibi. "Mufuko wako ulikuwa mwepesi. Nilijua kabla hatuyafika lami."

"Na haukusema kitu?"

Aliendelea kukunja kitenge. "Miaka mitatu nilibeba mupira wenye hauna mutu ndani. Unajua uzito wake, mutoto wangu? Ile siku ya Bugarama ikapata mutu. Nikaona njia ikakuwa fupi." Akanivuta, akanifunga kifungo cha shingoni, na sauti yake ikashuka. "We haukufunga njia ya papa wako. Sasa inakutosha. Ni yako."

Mpaka siku ile alikuwa akisema sweta ya papa wako. Nilisikia tofauti, nikaelewa kwamba amekubali kumwacha mwanawe aende, na nikalia, lakini si kwa hatia tena. Sijawahi kutembea kwa wepesi kama mwaka ule.

Bibi amelala kaburini siku nyingi sasa. Soko kuu liliungua, marundo yake yakahamia kwingine. Nyumba ya pili kutoka mchangani ni ukuta wa mtu na geti la chuma. Hakuna anayeleta soksi siku hizi. Wananiandikia kwenye simu, "utuombee," na alama ya mikono miwili. Ninawaombea, kweli ninawaombea, lakini ujumbe hauna uzito mgongoni, na mimi nilizoea kumjua mtu kwa uzito wa nguo yake. Nimemkumbuka yule mzee na mguu wake mmoja mgonjwa, nikaona pengo lake kama la ndugu.

Basi nikalimwaga begi la binti yangu kitandani. Gauni chini, plastiki juu. Kisha nikafungua sanduku, nikatoa sweta ya kahawia. Akaivaa huku akikunja pua, mikono ikamfunika vidole vyote.

"Mama, hii ni kubwa. Ni ya nani?"

"Ya babu yako," nikamwambia, nikimkunjia pindo. "Ikikutosha, itakuwa yako."