Ng'ombe Ambaye Hakuchinjwa

Tusekile wa Masoko alipofiwa na mumewe, shemeji yake Ambindwile aliingia zizini na kamba. Kwetu msiba usiochinjwa ng'ombe ni aibu, na pale alikuwepo mmoja tu, wa maziwa, mwenye mimba. Tusekile akatoka na kanga yake ya msiba, akasimama mlangoni mwa zizi.

"Shemeji, huyu ndiye ada ya watoto. Watu watakula ndizi na maharage."

"Unamzika kaka yangu kama mbwa!"

Tusekile hakusogea. Waombolezaji walikula ndizi, wakaondoka wamenuna, na ukoo ukamtenga. Ng'ombe alipozaa, Tusekile alikamua kila alfajiri, akauza maziwa, na pesa yake hakuigusa mpaka shule zifunguliwe. Watoto wakasoma wote. Waliomsema wangeshiba nyama siku mbili tu, basi!

Mwezi uliopita tumemzika Ambindwile. Wanawe waliuza shamba lake la kahawa, wakanunua fahali mkubwa, wakasifiwa sana. Matanga hayajaisha, mjane wake akaenda kwa Tusekile na chupa tupu kuomba maziwa ya wajukuu. Tusekile akaijaza.

Uani kwa marehemu, mbwa walikuwa bado wanagombania mifupa.